Kondoo wa Njia Panda ya Bweyeye

Jioni ile walisimama kwa ajili ya mbwa. Sajini alikuwa amekwaruza mlango kwa muda mrefu, na Ganza, aliyeshika usukani, hakutaka kufua blanketi tena. Akaliweka gari pembeni pale barabara ya msitu wa Nyungwe inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Rusizi na mwingine ukiteremka Bweyeye.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo kuukuu. Ganza, fundi seremala, aling'oa viti vyote akatia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la nguo. Watu wa njiani walilicheka. Yeye na mkewe Kamikazi waliliita Nyumba, na wala hawakuwa wakitania. Walikuwa wametoka Nyagatare, mashariki kabisa mwa Rwanda, wakaipita nchi nzima polepole: mbuga za nyasi na ng'ombe, vilima vya migomba, miteremko ya Nyamagabe yenye baridi, na sasa msitu uliofunika barabara pande zote mbili. Nyuma walikuwa na Sajini na paka mmoja aitwaye Biskwi, ambaye aliiona nchi nzima kupitia dirishani na hakuisifia hata mara moja.

Walikuwa wakienda Bugarama kumwona Ikirezi, mdogo wake Kamikazi. Tangu aolewe na Byiringiro, mkulima wa mpunga huko bondeni, Ikirezi alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyesema ni ugonjwa gani. Alinyamaza, akakonda, akawa anakaa akiutazama ukuta. Mara ya mwisho Kamikazi alipomtembelea, mdogo wake hakumjua. Kisha majuzi mama yao, Maman Védastine, aliyekuwa huko akimuuguza, akapiga simu: Ikirezi ameamka, anakula, anacheka. Kamikazi alilia kwa furaha hadi simu ikalowa. Hakuuliza amepona vipi. Mwenye furaha haulizi maswali mengi.

Sajini alishuka, akanusa upepo, akarudi ndani mkia ukiwa katikati ya miguu. Hakukojoa.

Ndipo Kamikazi alipomwona kondoo.

Alikuwa jike mchanga, mweusi, hana pembe, amesimama pale hasa njia zinapokutana. Shingoni alifungwa kipande cha kitambaa kilicholowa matope. Hakuwa amefungwa kwenye kitu chochote. Lakini hakusogea.

"Ganza, ona. Kuko mutoto ya kondoo."

"Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi? Hapa hakuna hata nyumba moya. Giza ikiingia mbweha batamukula."

"Achana naye. Kintu ya njia panda ni ya njia panda."

Maneno hayo Ganza aliyasikia kwa bibi yake, huko Bukavu walikolelewa yeye na mkewe, na aliyasema bila kuyafikiri. Kamikazi naye hakuyajali. Mapenzi ya wanyama kwake yalikuwa ugonjwa usio na dawa. Ndivyo alivyompata Sajini kwenye jalala, ndivyo alivyompata Biskwi kwenye mtaro. Tena mkono mtupu haulambwi, na hapa palikuwa na zawadi ya kumpelekea mgonjwa aliyepona. Kondoo ni mnyama wa amani. Ikirezi angemfuga.

Ganza akaguna, akashuka, akambeba begani. Kamikazi akaushika mlango ukiwa wazi.

"Karibu ku nyumba," alimwambia kondoo, akicheka.

Na mlango ukafungwa.

Walitoka msituni mwanga ukiwa umebaki kidogo tu. Ghafla miti mikubwa ikaisha na mashamba ya chai yakaanza, kijani kimoja kilichonyolewa sawasawa mlima baada ya mlima, ukungu umelala mabondeni. Kwa kawaida hapo Kamikazi angeomba wasimame atazame. Siku hiyo alikuwa amegeuka nyuma.

"Haliye," alisema.

"Nani?"

"Kondoo. Hajalia hata kidogo."

Alimpa majani ya viazi vitamu mkononi, na chumvi kidogo. Kondoo alikula vizuri, ulimi wake ukiwa baridi sana. Biskwi alikuwa amepanda juu ya kabati, kajibana kwenye kona, macho yamemtoka. Sajini alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kondoo, pua chini, kama mbwa aliyekaripiwa na bwana wake. Na ndani ya gari kulikuwa na harufu. Harufu ya moshi wa kuni mbichi... na manyoya ya mbwa aliyenyeshewa.

Mvua haikuwa imenyesha.

Waliegesha kando ya nyumba ya mlinzi wa chai, wakaomba ruhusa, wakapewa. Ganza alikwenda kuchota maji. Kamikazi akampigia mama yake ili kumpa habari njema.

"Maman, kesho tutafika. Niko na kadeau, zawadi ya Ikirezi. Kondoo."

"Aah, vizuri. Mulimununua wapi?"

"Hatukumununua. Tulimuokota ku njia panda ya Bweyeye, mu pori."

Kamikazi alidhani mtandao umekatika, akaangalia simu.

"Maman?"

"Iko na kitambaa ku shingo?" Sauti ya mama ilikuwa imeshuka.

"Iko nayo. Ulijua namna gani?"

"Angalia ile kitambaa. Angalia muzuri."

Kamikazi alikisugua kwa kidole. Chini ya matope kulikuwa na rangi ya manjano, na ndege wadogo wa buluu. Mkono wake ukaacha kusugua. Kitenge hicho alikijua. Alikinunua yeye mwenyewe, akampa Ikirezi siku ya harusi yake.

Ndipo mama akasema yote, kwa kunong'ona, kwa sababu Ikirezi alikuwa chumba cha pili. Mficha maradhi kifo humfichua, na wao walikuwa wameficha. Walimficha Kamikazi kwa sababu ya kanisa lake, kwa kuogopa angewapigia kelele.

"Haikukuwa ugonjwa ya dawa, mutoto yangu. Ku bukwe, kwa wakwe zake, kulikuwaka mwindaji, babu ya Byiringiro. Alifiaka mu pori, ye na imbwa zake. Hakuna muntu alienda kumutafuta. Sasa anataka kurudia ku nyumba. Aliingia mu Ikirezi. Kila magaribi mudogo yako alikuwa anapiga miluzi... mwanamuke, anapiga miluzi. Na imbwa za watu zilikuwa zinakuya, zinakaa mbele ya mulango, zinamuangalia tu. Hazibweke."

Kamikazi aliketi kitandani.

"Tulienda kwa mufumu. Akamutosha mu Ikirezi, akamuweka mu kondoo, akafunga na nguo yake. Byiringiro akamuvusha mito yote, akamurudisha mu pori kwenye alifiaka. Mufumu alisema peke yake hawezi kuvuka maji. Mpaka muntu amubebe. Mpaka muntu amufungulie nyumba na kumukaribisha."

Basi hiyo ndiyo safari waliyokuwa wakiifanya. Nyumba yenye magurudumu ilikuwa ikimrudisha mgeni yule kule kule alikotolewa, kilima baada ya kilima, tena amelishwa na amekaribishwa kwa kicheko. Kama wangefika Bugarama, angeshuka mlangoni kwa Ikirezi, na Ikirezi asingepona mara ya pili. Mganga alikuwa amesema hivyo pia. Mwili ule ungechoka.

"Mumurudishe sasa hivi," mama alisema. "Akiwa muzima. Umesikia? Akifia mu mikono yenu, hatabaki mu kintu imekufa. Atatafuta pengine pa kukaa."

Kamikazi akakata simu.

Nje, gizani, mtu alipiga mluzi. Sauti mbili tu, moja juu, moja chini. Fiiu... fio.

Sajini alisimama.

"Ganza?" Kamikazi aliita. "Ni weye?"

Ganza akatokea mlangoni na dumu la maji. "Umeniita na mluzi, ama?"

Walitazamana. Kisha wakamtazama kondoo.

Alikuwa amelala ubavu karibu na jiko. Kamikazi alipiga magoti, akamgusa. Alikuwa baridi. Alikuwa mkavu kama gogo, miguu imenyooka, macho yameshaingia ndani, na kitambaa kilikuwa kimezama katika shingo iliyosinyaa. Kondoo huyo alikuwa amekufa siku nyingi.

Majani aliyotafuna muda mfupi uliopita yalikuwa bado mdomoni.

Walimrudisha. Hawakusubiri kuche. Ganza aliendesha hadi njia panda, akamweka pale pale, na Kamikazi akasali sala zote alizozijua. Lakini wakati wa kurudi walikuwa wakihesabu jambo moja vichwani mwao, na hakuna aliyetaka kulitamka. Ndani ya Nyumba kulikuwa na viumbe wanne waliokuwa hai: mbwa, paka, mke na mume.

Ganza ndiye aliyembeba.

Kamikazi ndiye aliyemkaribisha.

Hapo mtu mwenye akili angegeuza gari kurudi Nyagatare. Mama mwenyewe, alipoelezwa, alisema hivyo asubuhi: "Musikuye. Ntamwambia Ikirezi gari imekufa." Lakini Ikirezi alikuwa amejua kwamba dada yake yuko njiani, na alipiga simu mwenyewe. Kamikazi alikuwa hajaisikia sauti ile kwa muda mrefu sana. Ilikuwa sauti ile ile ya utotoni, yenye haraka, inayocheka kabla ya kumaliza neno. Alikuwa amechinja kuku. Alikuwa amemwosha mtoto wa jirani ili apige picha na shangazi wa Nyagatare.

"Tumuone kwa mbali tu," Kamikazi alimwambia mumewe. "Sitashuka. Nimuone tu na macho."

Macho hayana pazia, lakini miguu nayo haina subira. Ganza alijua hilo. Alikubali kwa sababu alimpenda mkewe, na kwa sababu mchana, jua likiwaka, mambo ya jana huonekana ya kijinga.

Barabara iliteremka na baridi ikabaki juu. Kwanza wakavua makoti, kisha wakafungua madirisha. Chini lilitokea bonde la Bugarama, tambarare na joto, mpunga pande zote, vumbi la saruji likining'inia upande wa kiwandani. Watu waliokuwa wameinama mashambani waliinuka kuitazama Nyumba ikipita. Kamikazi alisahau woga kwa muda. Alifikiri jinsi nchi ndogo inavyoweza kubadilika hivi kwa siku moja, kutoka ukungu hadi jasho, na akatamani kumwonyesha Ikirezi yote hayo siku moja.

Walifika saa za jua kuinama. Nyumba ya Byiringiro ilikuwa mwisho wa njia ya udongo, nyuma ya mfereji wa maji ya mpunga. Ganza alisimamisha gari mbali kidogo, akazima injini.

Kukawa kimya.

Mbwa wa kwanza alitoka chini ya ghala. Alikuja polepole, akaketi mbele ya gari. Wa pili alitoka shambani akiwa amelowa. Kisha wengine, kutoka kila ua, wakubwa kwa wadogo, hata mmoja mwenye mguu mbovu akajikokota hadi hapo. Wakaketi mbele ya kioo. Hawakubweka. Walitazama ndani, pale viti viwili vilipo, pale alipoketi Kamikazi na pale alipoketi Ganza.

Sajini alijipenyeza katika dirisha la nyuma, akaruka chini. Kamikazi alimwita. Sajini akazunguka gari, akaketi katikati ya wenzake.

Naye akatazama ndani.

"Wanaangalia nani?" Kamikazi alinong'ona.

Ganza alikuwa ameuondoa mkono wake uliokuwa umegusa wa mkewe. Labda hakujua kwamba ameuondoa. Kamikazi aliona.

Mlango wa nyumba ukafunguka na Ikirezi akatoka mbio, miguu mitupu, amenenepa mashavu, mikono imetanda. "Yaya! Yaya Kamikazi, dada yangu!" Alikuwa akicheka. Nyuma yake Maman Védastine alijaribu kumshika nguo, akaikosa. Ikirezi alikuwa ameshawaona mbwa, lakini furaha yake ilikuwa kubwa kuliko mbwa, na hakuwa akikumbuka lolote la ugonjwa wake. Akapita katikati yao. Akafika dirishani. Akashika kitasa.

Kamikazi alibana kufuli la mlango.

Uso wa Ikirezi ulikuwa nyuma ya kioo, karibu sana. Kicheko kikaanza kupungua. "Yaya, fungula. Ni miye."

Kamikazi alimtazama mdogo wake akiwa mzima. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kufungua. Akamwambia Ganza bila kugeuka:

"Washa gari."

Ganza akawasha. Ni hapo tu mbwa wale walipoachia njia. Sajini aliwafuata mbio hadi barabara ya lami, na walipomfungulia aliingia, akalala katikati ya viti viwili, bila kumwelekea yeyote.

Baada ya hapo walirudi mashariki wakaegesha Nyumba kwenye shamba la rafiki mmoja mfugaji, mahali penye nyasi ndefu na miti ya miiba. Huko kulikuwa na mbwa wengi wa wachungaji, nao hawakuwajali. Biskwi alishuka kabatini akaanza tena kulala kitandani. Watu wawili wale wakaanza kuamini kwamba mito yote waliyovuka imewasaidia.

Ila magaribi mengine, Kamikazi akiwa anapika na Ganza akiwa anapiga randa nje, mluzi ulisikika. Sauti mbili. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Hakuna aliyeuliza. Walipendana sana, na swali hilo lilikuwa na jibu.

Ikirezi aliambiwa uongo: mara injini, mara homa ya ghafla iliyomshika Ganza. Aliupokea mara ya kwanza, akaupokea mara ya pili. Kisha asubuhi moja alipiga simu, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa basi.

"Kama weye hautaki kukuya kwangu, miye nakuya kwako. Nishavuka Nyungwe. Leo jioni niko hapo. Utanieleza nilikukosea nini."

Kamikazi aliweka simu mezani. Ganza alikuwa ameyasikia yote.

"Mumoja wetu aende na Nyumba," alisema Ganza. "Mwingine amupokee. Akae naye siku zake, amurudishe salama."

"Miye njo nitaenda."

"Na kama haiko mu weye?"

"Miye njo nilisema karibu. Iko mu miye." Alisema hivyo na aliamini. Alikuwa ameamini tangu siku ile ya kioo. Kumnyima mdogo wake uso wake kwa mara ya pili kulimuuma kuliko kufa, lakini Ikirezi angekuwa mzima, na hilo ndilo pekee alilokuwa akiliomba. "Mupikie muzuri. Mwambie ninamupenda sana."

Ganza alimshika mabega. Kwa muda akaonekana kutaka kusema kitu. Kisha akampa funguo za gari.

Jua lilikuwa limeshuka Kamikazi alipoondoka na Sajini na Biskwi. Kwenye kituo cha basi alipunguza mwendo bila kutaka. Basi lilikuwa limeshafika. Aliwaona kwa mbali, Ikirezi akimkumbatia shemeji yake, Ganza akichukua mfuko wake, wakifuata njia ya nyasi kuelekea shambani. Ikirezi alikuwa akiongea kwa mikono yote miwili. Kamikazi alilia, akakanyaga mafuta.

Aliacha nyumba za watu nyuma. Mbuga ilifunguka pande zote, pana, nyasi zikigeuka rangi ya kahawia kwenye mwanga wa mwisho, na moyo wake ukaanza kutulia. Kila kilima alichopita kilimweka mbali zaidi na mdogo wake.

Sajini alisimama. Masikio yakasimama pia.

Akaanza kukwaruza mlango.

"Lala, Sajini."

Hakulala. Alikwaruza kwa nguvu, akilia kwa ndani. Kamikazi alisimamisha gari, akamfungulia, akidhani ni mkojo. Mbwa aliruka chini. Hakunusa kitu wala hakuinua mguu. Akageuka na kukimbia kurudi walikotoka.

Kamikazi alishuka kumwita, na ndipo alipoziona nyasi zikitikisika.

Walikuwa wakipita pande zote mbili za barabara. Mbwa wa wachungaji, wengi, wakikimbia vichwa chini, bila kubweka. Walimpita yeye. Hata mmoja hakugeuza shingo kumtazama. Wote walikuwa wakielekea upande mmoja, shambani, kule Ganza alikokwenda na Ikirezi.

Aliipiga namba ya mdogo wake. Simu iliita. Ikaita. Kamikazi alikuwa ameshaingia garini na kuligeuza, akiendesha kwa mkono mmoja, na simu sikioni ilikuwa bado inaita.